Fonografu ya Silinda na Juhudi za Kuikuza Sauti Yake Kabla ya Umeme

Takriban kila sauti iliyohifadhiwa kwa mashine kati ya mwaka 1877 na mwaka 1925 ilihifadhiwa kwa nguvu ya sauti yenyewe. Mwimbaji alisimama mbele ya mdomo wa pembe ya bati akaimba. Hewa aliyoitikisa ikakitikisa kiwambo chembamba kilichokuwa nyuma ya pembe hiyo, kiwambo kikaisukuma sindano, na sindano ikachonga mfuo katika nta. Wakati wa kusikiliza, safari hiyo ilirudiwa kinyumenyume: mfuo uliisukuma sindano, sindano ikakitikisa kiwambo, na kiwambo kikaitikisa hewa ya chumbani. Hapakuwa na maikrofoni, hapakuwa na valvu wala transista ya kuongeza lolote katikati.

Ili ugumu wa jambo hili ueleweke, inafaa kwanza ipimwe nguvu ya sauti ya binadamu. Mtu anayezungumza kwa kawaida hutoa nguvu ya sauti ipatayo sehemu moja ya laki moja ya wati. Maana yake ni kwamba watu laki moja wakizungumza kwa pamoja, nguvu ya sauti zao zote ikikusanywa ni wati moja hivi, kiasi kisichotosha kuwasha taa ya kawaida ya chumbani. Kutokana na kiasi hicho kidogo ndipo nta ilipotakiwa kuchongwa, na kutokana na alama zilizochongwa kwa udhaifu huo ndipo sauti ilipotakiwa ijaze ukumbi.

Kwa hiyo historia ya fonografu ya silinda, yaani ile mashine iliyotumia mche duara wa nta badala ya sahani bapa ya santuri, ni historia ya ubahili. Wavumbuzi wake ama walijaribu kupunguza hasara ya nguvu njiani, ama waliinunua sauti kubwa kwa kutoa kitu kingine, hasa muda wa kusikiliza, ama walitafuta mahali pengine pa kuchota nguvu ya ziada. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, na aliyeifanikisha kwenye silinda, Daniel Higham, hajulikani sana siku hizi.

Kutoka karatasi ya bati hadi nta

Mashine ya kwanza ya Thomas Edison, iliyotengenezwa katika karakana yake ya Menlo Park, New Jersey, mwaka 1877 na kupewa hataza tarehe 19 Februari 1878, ilikuwa pipa dogo la metali lenye mfuo wa kuzunguka, lililofunikwa kwa karatasi laini ya bati na kuzungushwa kwa mkono. Katika mwaka huo huo wa 1877, mwezi wa Aprili, Mfaransa Charles Cros alikuwa amekwisha kuwasilisha maandishi yenye wazo kama hilo katika Chuo cha Sayansi cha Paris, lakini hakuunda mashine. Ile ya Edison ilizungumza, na watu wakastaajabu. Hata hivyo mshangao ulipokwisha, ilidhihirika kwamba maneno yalikuwa yakieleweka zaidi na msikilizaji aliyeyajua tangu mwanzo, na kwamba baada ya kuchezwa mara chache bati lilisawazika na sauti ikatoweka.

Dosari kubwa ilikuwa katika namna ya kuandika. Sindano ya Edison ilibonyeza bati bila ya kuondoa chochote. Kitu kinachobonyezwa hukataa: bati hunyumbuka na kurudi nyuma kidogo, na shimo moja huvuta ukingo wa shimo la jirani. Mitetemo midogo ya haraka, ambayo ndiyo inayotofautisha herufi kama s na f, ilimezwa katika mvutano huo.

Dawa ya dosari hiyo ilipatikana Washington. Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alitunukiwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1880 Tuzo ya Volta ya faranga 50,000, akaitumia kuanzisha maabara pamoja na binamu yake Chichester Bell na fundi Charles Sumner Tainter. Hawa walipaka nta juu ya bomba la karatasi ngumu, nao badala ya kuibonyeza wakaichonga. Kuchonga huondoa uzi mwembamba wa nta na kuuacha mfuo ukiwa vilevile ulivyokatwa, na nguvu inayohitajika ni ndogo kuliko ya kubonyeza bati. Aidha, sindano yao ya kusomea haikukazwa imara. Iliachwa ichezecheze ili mfuo wenyewe uiongoze. Hataza yao ilitolewa tarehe 4 Mei 1886, na mashine wakaiita grafofoni.

Edison, aliyekuwa ameiacha fonografu kwa karibu miaka kumi kwa ajili ya taa ya umeme, aliurudia uwanja huo kwa haraka, na mwaka 1888 akatoa silinda iliyokuwa nta tupu tangu ndani hadi nje. Faida yake ilikuwa kwamba silinda iliyokwisha tumika iliweza kukwanguliwa kwa kisu kikali na kutumiwa upya. Hili lilionekana wakati ule kuwa jambo la uchumi wa ofisi tu, kwa kuwa mashine ilikusudiwa makarani. Baadaye lilikuja kuwa na maana kubwa zaidi, kama itakavyoonekana.

Silinda ya kawaida iliyotokana na juhudi hizo ilikuwa na kipenyo cha sentimita 5.6 na urefu wa karibu sentimita 10.8. Mifuo 100 ilipangwa katika kila inchi moja, yaani mfuo mmoja kwa kila robo ya milimita. Sauti haikuandikwa ubavuni mwa mfuo kama katika santuri za Emile Berliner, bali katika sakafu yake, kwa milima na mabonde. Kwa mwendo wa mizunguko 160 kwa dakika, uliofanywa kuwa wa kawaida tangu mwaka 1902, uso wa nta ulipita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 46.5 kwa sekunde, na muziki ulidumu kwa dakika mbili tu. Silinda ilikuwa na ubora mmoja ambao santuri haikuupata kamwe: kasi hiyo haikubadilika tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali katika santuri hupungua kadiri sindano inavyokaribia katikati.

Sindano, uzito na kiwambo

Kwa kasi hiyo ya sentimita 46.5, sauti yenye mitetemo 1,000 kwa sekunde huchora mlima na bonde katika urefu usiofika nusu milimita. Sauti yenye mitetemo 3,000 huchora katika urefu wa theluthi ya huo. Sindano ikiwa na ncha nene, hupita juu ya mabonde hayo kama gurudumu kubwa linavyopita juu ya mashimo madogo ya barabara bila kuzama. Ikiwa kali kupita kiasi, huikwaruza nta na kuifuta sauti ambayo inaisoma. Mafundi wa Edison waliichonga johari ya yakuti katika umbo la kitufe cha mviringo, kilichofanana na kitasa cha mlango, ambacho ukingo wake mwembamba uliingia mabondeni huku upana wake ukigawanya uzito juu ya sehemu kubwa zaidi ya mfuo.

Lakini jambo la werevu zaidi lilikuwa juu ya sindano hiyo. Silinda ya nta haikuwa duara kamili. Iliyumba kidogo kila ilipozunguka. Kama sindano ingekazwa, kuyumba huko kungekipiga kiwambo kwa nguvu zaidi kuliko sauti yenyewe. Katika vichwa vya sauti vya Edison, sindano ilifungwa kwenye ncha ya wenzo mfupi, na wenzo huo ulishikiliwa na kipande kizito cha metali kilichoning'inia kwa bawaba. Silinda ilipoyumba polepole, kipande kizito kilipanda na kushuka pamoja nayo, na kiwambo hakikujua lolote. Mitetemo ya muziki ilipofika, mamia kwa maelfu kwa sekunde, kipande kizito hakikuweza kuifuata kwa sababu ya ukaidi wa uzito wake. Kikatulia kama nguzo, wenzo ukageukia juu yake, na nguvu yote ikaelekezwa kwenye kiwambo. Uzito ule ule ulikuwa mwepesi kwa mwendo wa taratibu na mzito kwa mwendo wa haraka. Ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa kanuni ya inesha ikifanya kazi mbili kwa wakati mmoja ndani ya kifaa kinachokaa kiganjani.

Kiwambo nacho kilijaribiwa kwa kila kitu kilichokuwa chembamba na kigumu: kioo, ulanga, aluminiamu. Hapa ndipo alipotokea Gianni Bettini, luteni wa zamani wa farasi kutoka Italia aliyehamia New York. Bettini aliona kwamba kiwambo hakitikisiki chote kama kipande kimoja. Mtu akimwaga mchanga mkavu juu ya sahani nyembamba na kuitikisa, mchanga hukusanyika kwenye mistari iliyotulia huku sehemu nyingine zikirukaruka. Ikiwa ndivyo, kuifunga sindano katikati ya kiwambo pekee ni sawa na kusikiliza baraza zima kwa kumwuliza mtu mmoja. Mwaka 1889 alipewa hataza ya kifaa alichokiita mikrofonografu: kati ya sindano na kiwambo aliweka miguu kadhaa membamba ya metali iliyotandaa kama ya buibui, kila mguu ukigusa mahali pake.

Kifizikia hoja yake ilikuwa na udhaifu, kwa kuwa sehemu mbili za kiwambo zinazokwenda kinyume zikiunganishwa huweza kufutana badala ya kusaidiana. Hata hivyo silinda alizozinasa mwenyewe zilisifiwa, na waimbaji mashuhuri wa opera walikubali kuingia katika studio yake wakati ambapo wengi wao waliiona fonografu kuwa mchezo wa watoto. Aliziuza kwa bei ya juu sana kuliko silinda za kawaida. Ni chache mno zilizosalia.

Pembe

Watu wengi hudhani kwamba pembe huongeza sauti. Pembe haiongezi kitu. Kiwambo kidogo kinapotikisika peke yake hewa huteleza pembeni na kukwepa, kama maji yanavyokwepa kijiti kinachopigwa kasia. Pembe huifunga hewa hiyo isikwepe, na kukilazimisha kiwambo kusukuma mzigo halisi. Kisha huutanua mzigo huo taratibu mpaka unapotoka mdomoni ukiwa mpana kama mlango wa kapu. Kabla ya pembe kukubalika, wasikilizaji waliweka mirija ya mpira masikioni kama daktari anayepima kifua. Kwa usafi wa sauti mirija hiyo ilikuwa bora, kwa kuwa haikupoteza karibu chochote, lakini haikuweza kuwasikilizisha watu wa nyumba nzima.

Pembe zilirefushwa hadi zikahitaji kuning'inizwa kwa minyororo, zikatanuliwa kama maua, na Edison akatoa pembe yenye shingo iliyopinda kama ya bata maji. Yote hayo yalifanywa kwa kubahatisha. Hesabu za kueleza pembe ipanuke kwa kiasi gani zilianza kupata msingi imara baada ya Arthur Gordon Webster kuchapisha kazi yake mwaka 1919, wakati biashara ya silinda ilikuwa tayari inakufa.

Upande wa kunasa sauti ulikuwa na taabu zake. Violini, ambayo sauti yake hutawanyika pande zote, ilikuwa dhaifu mno mbele ya pembe. Augustus Stroh wa London alipata hataza mwaka 1899 ya violini isiyo na sanduku: nyuzi zake zilitikisa kiwambo cha metali, na kiwambo kikatoa sauti kwa pembe iliyoelekezwa pale inapotakiwa. Kwa maneno mengine, ala ya muziki yenyewe iligeuzwa kuwa nusu fonografu.

Muda kama malipo

Mwaka 1898 kampuni ya Columbia ilitoa silinda yenye kipenyo cha inchi 5, na Edison akaifuata mwaka 1899. Kipenyo hicho ni zaidi ya mara mbili ya kile cha kawaida, na kwa idadi ile ile ya mizunguko nta hupita chini ya sindano kwa kasi zaidi ya mara mbili. Milima na mabonde hujinyoosha. Sindano hupata nafasi ya kuingia kila bonde. Na sauti hutoka kubwa na safi zaidi. Gharama yake ilikuwa nta nyingi, mzigo mkubwa na bei isiyofikiwa na watu wa kawaida, wala muda wa kusikiliza haukuongezeka hata kidogo. Silinda hizo hazikudumu sokoni.

Miaka michache baadaye Edison alielekea upande wa pili. Santuri zilikuwa zikicheza kwa muda mrefu kuliko silinda, naye mwaka 1908 akaongeza mifuo kutoka 100 hadi 200 kwa inchi, akapata dakika nne. Mfuo uliokuwa na robo ya milimita sasa ulikuwa na nusu ya robo hiyo, na nta iliyotumika ilikuwa ngumu lakini yenye kuvunjika upesi. Wanunuzi walilalamika, na haki yao ilikuwepo.

Tatizo hilo lilikwisha kutatuliwa na wengine. Mtengeneza saa wa Paris, Henri Lioret, alikuwa akitoa silinda za seluloidi tangu mwaka 1893, kwanza kwa ajili ya mwanasesere anayesema. Na Thomas Lambert wa Chicago alipata hataza ya seluloidi mwaka 1900. Seluloidi haivunjiki ikianguka, na yaweza kuchezwa mara nyingi sana. Edison hakuitumia katika silinda zake za muziki mpaka mwaka 1912, alipotoa silinda ya buluu yenye ganda la seluloidi juu ya plasta, ikisomwa kwa sindano ya almasi. Ilikuwa silinda bora kuliko zote zilizopata kutengenezwa kwa wingi. Kinachosikitisha ni kwamba tangu mwaka 1915 nyingi kati ya hizo hazikunaswa moja kwa moja kutoka kwa mwimbaji. Zilinakiliwa kutoka kwenye santuri za Edison kwa kuelekezanisha pembe na pembe, na hivyo chombo bora kikapewa sauti ya mtumba.

Uvumbuzi mwingine wastahili kuelezwa hapa, maana pasipo huo hakuna ubora ambao ungemfikia mnunuzi. Mwanzoni silinda haikuweza kupigwa chapa kama kitabu. Mwimbaji aliurudia wimbo ule ule mara kadhaa kwa siku mbele ya mashine zilizopangwa safu, au silinda moja ilinakiliwa kwenye nyingine kwa nyenzo, na kila nakala ikawa dhaifu kuliko mama yake. Mwaka 1902 Edison alianza kuuza silinda zilizomiminwa katika kalibu. Silinda asilia iliwekwa ndani ya ombwe, umeme ukafanywa uruke kati ya vipande vya dhahabu, na mvuke wa dhahabu ukatua juu ya nta kwa unene mdogo kupita uwezo wa jicho. Juu ya dhahabu hiyo ikajengwa shaba kwa njia ya umeme, na nta ya ndani ikaondolewa. Ikabaki kalibu yenye milima palipokuwa na mabonde. Nta ya moto ilipomiminwa ndani yake na kupoa, ilisinyaa kwa kiasi kilichotosha kuiachia mifuo, ikachomolewa bila kukwaruzwa. Hapa sifa ya nta ambayo kwa kawaida ni kero, yaani kusinyaa, ndiyo iliyofanya kazi iwezekane.

Gurudumu la kaharabu

Mambo yote yaliyoelezwa hadi hapa yalilinda nguvu ndogo iliyokuwemo. Daniel Higham aliuliza swali jingine. Ndani ya kila fonografu kulikuwa na kamani iliyojazwa kwa mkono, yenye nguvu nyingi kuliko sauti yoyote, na kazi yake ilikuwa kuzungusha silinda tu. Je, nguvu hiyo haiwezi kufanywa iimbe?

Jibu lake laweza kueleweka kwa kumtazama baharia anayefunga chombo gatini. Huzungusha kamba mara mbili tatu kwenye nguzo, kisha huishika ncha yake kwa mkono. Jahazi zima huvuta upande mmoja, na mkono mmoja hulizuia upande wa pili, kwa sababu msuguano wa kamba juu ya nguzo hubeba tofauti. Ajabu ya jambo hili ni kwamba kila mzunguko hauongezi nguvu, huizidisha. Msuguano ukiwa wa kadiri ya robo, mzunguko mmoja huizidisha nguvu ya mkono karibu mara 5, na mizunguko miwili karibu mara 23. Baharia akilegeza kidole kidogo tu, upande wa jahazi husikia mabadiliko makubwa.

Sasa badala ya nguzo iliyotulia iwekwe nguzo inayozunguka. Kamba itavutwa daima, na kiasi cha kuvutwa kitatawaliwa na mkono unaoishika ncha. Hicho ndicho alichokifanya Higham. Gurudumu dogo la kaharabu lilizungushwa mfululizo na mashine, na juu ya mzingo wake kikakumbatia kiatu cha mpira mgumu. Upande mmoja kiatu kiliunganishwa na sindano, na upande wa pili na kiwambo, kikubwa kuliko kile cha kawaida. Sindano ilipopanda mlima katika mfuo ilikikaza kiatu kidogo, msuguano ukaongezeka, gurudumu likakivuta kiatu kwa nguvu mara kadhaa ya ile iliyotoka kwenye sindano, na kiwambo kikavutwa nacho. Sindano iliamuru, na kamani ikatenda. Kanuni hiyo, ambamo nguvu ndogo huongoza nguvu kubwa inayotoka mahali pengine, ndiyo iliyokuja kutumika katika valvu na katika transista.

Columbia iliuza mashine ya namna hii tangu mwaka 1905 kwa dola 100, wakati ambapo grafofoni ndogo ya kampuni hiyo hiyo iliwahi kuuzwa kwa dola 10. Ilikuwa na sauti kubwa kweli. Ilikuwa pia na kelele zake, kwa maana msuguano hauna adabu ya kimya: vumbi, unyevu au mkwaruzo wowote juu ya kaharabu ulikuzwa sawasawa na wimbo. Edison alikitumia kikuzaji cha Higham mwaka 1913 katika jaribio lake la sinema yenye sauti, ambamo fonografu kubwa ilibidi isikike ukumbini. Wengine, kama Horace Short na baadaye Sir Charles Parsons huko Uingereza, walichota nguvu kutoka hewa iliyoshindiliwa, sindano ikifungua na kufunga vali. Lakini kifaa cha Parsons kilitumika kwa santuri. Mwaka 1925 unasaji wa sauti kwa umeme ulipoingia sokoni, njia hizi zote zilikuwa historia. Kiwanda cha Edison kiliacha kutengeneza silinda mwaka 1929.

Kasi, na sauti zilizonaswa Afrika ya Mashariki

Kuna silinda ambazo hazikupata kuonja faida ya gurudumu la kaharabu wala ya kalibu ya dhahabu, nazo leo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Santuri ilinunuliwa ikiwa na sauti yake tayari. Mwenye nyumba hakuweza kuandika juu yake. Silinda ya nta iliweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye mashine ndogo ya kamani, mahali popote. Kwa sababu hiyo watafiti wa lugha na ngoma walibeba fonografu katika safari zao tangu mwaka 1890, Jesse Walter Fewkes alipowanasa Wapassamaquoddy, Wahindi Wekundu wa Maine, Marekani. Mwaka 1900 Carl Stumpf alianzisha mjini Berlin hifadhi ya sauti ambayo Erich von Hornbostel aliiongoza tangu mwaka 1905 hadi 1933. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alikuja na fonografu katika eneo la Lindi na Uwanda wa Makonde, na mwaka 1909 Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwa nta. Nyimbo za Rwanda zilinaswa na Jan Czekanowski katika safari ya mwaka 1907 na 1908.

Katika kazi ya namna hii ukubwa wa sauti haukuwa na umuhimu mkubwa. Jambo lililotishia kuharibu kila kitu lilikuwa mwendo. Mwendo wa fonografu ulitawaliwa na mipira midogo ya metali iliyofungwa kwenye vipande bapa vya chuma chenye kunyumbuka. Mashine ilipokimbia, mipira ilitanuka na kuvuta kisahani kikasugua kipande cha ngozi, na msuguano ukaupunguza mwendo. Skrubu moja tu ikigeuzwa, mwendo ulibadilika. Silinda iliyonaswa kwa mizunguko 160 ikichezwa kwa 170, wimbo wote hupanda karibu nusu toni, na mwimbaji mtu mzima huanza kufanana na kijana. Kwa kuwa Hornbostel alitaka kupima ngazi za sauti za muziki wa watu mbalimbali, na wasafiri wake waliweka mwendo kila mmoja kwa kadiri alivyoona, hifadhi hiyo ingeweza kuwa ghala la mafumbo.

Suluhisho lilikuwa filimbi. Wasafiri wa Berlin walipewa kifilimbi kilichotoa sauti moja tu, ya mitetemo 435 kwa sekunde, na maagizo ya kukipuliza mbele ya pembe kabla ya mwimbaji kuanza. Anayesikiliza baadaye hurekebisha mwendo mpaka filimbi isikike kwa mitetemo hiyo hiyo, kisha huuacha wimbo uendelee.

Nta haidumu. Hulainika kwa joto, huota ukungu katika unyevu, na kila sindano inayopita huondoa sehemu yake. Berlin walitengeneza kalibu za shaba kutoka katika nta, kazi iliyomaanisha kuiharibu nta asilia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mali hizo zilihamishwa, zikafikishwa Leningrad, na sehemu kubwa haikurejea kwenye jumba lake hadi mwaka 1991. Mwaka 1999 UNESCO iliziingiza silinda hizo katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia. Tangu mwanzoni mwa karne ya 21, wanafizikia wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, California, wakiongozwa na Carl Haber, wameonyesha njia ya kusoma silinda pasipo kuigusa kabisa: nuru hupima kina cha mfuo nukta kwa nukta, na kompyuta hukokotoa jinsi sindano ambayo ingepita humo ingetikisika. Hata silinda iliyoota ukungu au kupasuka yaweza kusomwa kwa namna hiyo.

Hata hivyo nuru hupima umbo la nta peke yake. Haiwezi kujua mashine ilizunguka kwa kasi gani siku wimbo ulipoimbwa. Pale ambapo msafiri aliyafuata maagizo, kompyuta hutafuta kwanza, mwanzoni mwa mfuo, ile sauti nyembamba ya mitetemo 435.